Siku Moja ya 1926: Busia, Tororo na Swali la Nani wa Hapa

Wiki hii zamu ya historia imetuangukia sisi tunaoishi mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Tumeamua kuanza na karatasi.

Mwezi uliopita tulimsindikiza mwenzetu kwenda kuuliza habari za kitambulisho cha taifa. Yeye alizaliwa Uganda. Amesoma Uganda, tangu chekechea mpaka senior six. Anaongea Kiteso cha sokoni, Kiganda, Kiingereza, na Kiswahili alichopewa na mama yake aliyetoka Fizi. Karatasi ilikuwa na nafasi ya kabila. Akaandika "Mbembe". Aliyekuwa mezani akaisoma, akatafuta kwenye orodha yake, akairudisha. Hakumtukana, hakupandisha sauti. Alisema tu: "Hili halimo."

Njiani kurudi tulinyamaza. Halafu mmoja wetu, Mkakwa wa kutoka Yei, akatania: "Langu limo." Kweli limo. Tukacheka, lakini kicheko hakikudumu, maana kumbe hata yeye jina kuwemo peke yake hakumsaidii kitu. Tutafika huko.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza. Hiyo orodha ilitoka wapi? Nani aliona kwamba mtu akijulikana kabila lake basi amejulikana yeye? Tulifungua Katiba ya Uganda, na Katiba ikaturudisha hapa hapa tunapokaa, Busia na Tororo.

Mstari

Asiyefika Busia tumweleze kidogo. Mji ni mmoja, jina moja, nchi mbili. Upande huu dagaa wanaitwa mukene, ukivuka hatua chache wanaitwa omena, na mama anayewauza anajua kuita kwa majina yote mawili kulingana na anayemwona mbele yake. Neno "boda boda" lenyewe wengi husimulia kwamba lilizaliwa kwenye mpaka huu, siku ambazo vijana wa baiskeli walibeba watu na mizigo kutoka geti moja hadi jingine. Wasamia wako pande zote mbili. Wateso wako pande zote mbili. Kaskazini kidogo, kuelekea mlima Elgon, Wabukusu na ndugu zao Wagisu nao wamepitiwa na mstari huo huo.

Mstari wenyewe haukuwepo tangu zamani. Mpaka mwaka 1902 nchi iliyoitwa Uganda ilifika hadi Naivasha. Kisumu ilikuwa Uganda. Mumias ilikuwa Uganda. Aprili 1902 Waingereza waliitoa mikoa ile ya mashariki, wakaitia katika himaya yao nyingine, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Hakuna Msamia aliyeulizwa. Mwanzoni mwa 1926 wakahamisha tena kipande kingine, eneo la Rudolf kule magharibi mwa ziwa Turkana, na baada ya hapo ramani ya Uganda ikakaa karibu kama tunavyoiona leo. Ushike huo mwaka 1926, utarudi.

Uhuru ulipokuja, wakuu wa Afrika walikutana Cairo Julai 1964, wakakubaliana kila nchi iheshimu mipaka iliyoirithi. Tunawaelewa. Wangefungua mstari mmoja, wangelazimika kufungua yote. Tuliona hatari hiyo hapa kwetu: Februari 1976 Idi Amin alitoa ramani za zamani akadai ardhi ya Kenya mpaka karibu na Nairobi, na biashara ya mpakani ikakwama. Desemba 1987 askari wa nchi mbili walirushiana risasi hapa Busia, mpaka ukafungwa. Walioumia kwanza ni watu wenye shamba huku na shangazi kule.

Kwa hiyo mstari ulibaki. Swali likawa: ndani ya mstari, watu hawa wengi wa lugha nyingi watatawaliwa vipi?

Machifu wa kuazima

Jibu la wakoloni tulijue vizuri, maana bado tunaishi ndani yake. Waingereza walipofika Buganda walikuta mfalme, baraza na ngazi za machifu. Walipofika Mumias walikuta Nabongo Mumia wa Wawanga. Hilo walilielewa. Lakini kwa Wateso, Wasamia, Jopadhola, Wagwere, Wanyole na Wagisu hawakukuta mfalme mmoja wa kukaa naye mezani. Walikuta koo, wazee na wapatanishi. Wakasema hawa hawana serikali. Basi wakawaazimia.

Upande wa Uganda, kuanzia 1899, jenerali wa Kiganda aitwaye Semei Kakungulu aliingia mashariki na askari wake na bunduki. Alijenga ngome Budaka, kisha akafanya makao Mbale. Nyuma yake wakaja mawakala Baganda, yaani watu wa Buganda, wakapanga nchi kwa saza, gombolola na muluka, kama ilivyokuwa kwao. Maneno hayo yangali yanatumika mpaka leo. Kiganda kikawa lugha ya ofisi. Hata jina la eneo likatoka nje: Baganda waliwaita watu wa mashariki Bakedi, yaani watu wa uchi, na wilaya ikabatizwa Bukedi. Yaani tusi likapewa makao makuu na muhuri.

Upande wa Kenya ikawa vile vile. Mwaka 1909 Mumia alifanywa chifu mkuu, na watu wa nyumba yake wakatumwa kutawala majirani. Ndugu yake Murunga alipewa Wabukusu. Wateso wa upande wa Kenya nao waliwekewa machifu wa Kiwanga. Mtu aliyekuja kudai kodi na kuwatoa watu kwenda kulima barabara hakuwa Mzungu. Alikuwa jirani, mwenye lugha nyingine, na nyuma yake bunduki.

Sisi hatusemi Baganda au Wawanga ni watu wabaya. Wengi wa mawakala wale walikuwa vijana waliotafuta cheo kama vijana wa popote. Tunachosema ni kwamba mtindo huu uliwafundisha watu somo moja, na somo hilo halikufutika bendera ziliposhushwa: kabila lisilo na kiti litakaliwa na kabila lenye kiti.

Ndiyo maana hapa, kabla hata ya uhuru, neno "uhuru" lilikuwa na maana ya karibu sana. Lilikuwa na maana ya chifu wetu, mahakama yetu, makao yetu. Januari 1960 wananchi wa Bukedi waliinuka dhidi ya kodi na dhidi ya machifu waliokadiria kodi hiyo. Nyumba za machifu zilichomwa, watu walikufa, serikali ikaunda tume. Machifu wengi wakati huo hawakuwa tena Baganda, walikuwa wenyeji. Kwa hiyo tayari ilionekana kwamba kubadilisha kabila la chifu si dawa kamili. Lakini wanasiasa hawakusoma hivyo. Ugomvi mkubwa uliofuata ukawa juu ya mji: Mbale ni ya Wagisu au ya Bukedi? Mwishowe makao ya Bukedi yakahamia Tororo, chini ya ule mwamba tunaouona kila siku.

Kila mtu na wilaya yake

Obote alifuta falme mwaka 1967 akitaka nchi moja bila wafalme. Amin alitawala kwa amri. Museveni alipoingia 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Leo zimepita 130. Ndani ya hesabu hiyo iko hadithi ya kwetu. Kutoka Bukedi ya zamani Pallisa ilijitenga 1991. Wasamia na Bagwe wakapata Busia yao 1997. Wanyole wakapata Butaleja 2005. Kila mara watu walicheza ngoma, na haki walikuwa nayo: hospitali ilisogea, ofisi ilisogea, mtoto wa nyumbani akapata kazi ya karani bila kupanda basi.

Lakini waliobaki Tororo ni akina nani? Jopadhola, walio wengi upande wa West Budama, na Wateso, walio wengi Tororo County. Wateso wakasema: na sisi tupeni wilaya. Jopadhola wakasema: sawa, lakini mji wa Tororo msiende nao. Mwaka 2005 jambo lilifika bungeni, likakwama hapo hapo, kwenye manispaa. Miaka mingi imepita na bado ni moto. Kila upande una wazee wake, makaburi yake, na maelezo yake ya nani alifika kwanza. Katiba ya 1995 ilikuwa imewarudishia watu haki ya kuwa na viongozi wa kimila, na jamii ambazo hazikuwahi kuwa na mfalme zikajiundia: Jopadhola walimpata Kwar Adhola wao 1999, Wateso wakamsimika Emorimor mwaka 2000. Ni heshima, na tunaiheshimu. Lakini mzozo wa mpaka wa wilaya ukiingia kwenye nyumba ya utamaduni, anayeulizia barabara anajibiwa kwa historia ya ukoo.

Na katikati ya mji huo huo wanakaa Wanubi, Wasomali, Wahindi wa maduka, Wagisu wa viazi, na sisi. Hakuna ramani ya wilaya itakayotutosha wote. Ukimkatia Mteso wilaya, ndani yake yumo Mjopadhola. Ukimkatia Mjopadhola, yumo Mteso. Utakata mpaka ubaki na kiwanja cha mtu mmoja, na huyo naye mke wake ametoka ng'ambo.

Ng'ambo walifanya nini

Sasa vuka geti. Kenya nayo ilianza kwa kukata. Wateso walilalamika kwamba ndani ya Busia wanamezwa na Waluhya, na mwaka 1995 wakapewa wilaya ya Teso. Furaha ile ile. Halafu ikaja Katiba ya 2010 na kaunti zake 47. Kaunti hizo zilifuata wilaya zilizokuwepo kisheria mwaka 1992. Teso ilizaliwa 1995, kwa hiyo ilichelewa miaka mitatu. Ikarudishwa Busia. Ona jinsi tarehe inavyoamua maisha ya watu.

Wengi waliogopa kwamba Wateso wamekwisha. Kilichotokea kinastahili kusomwa taratibu. Kaunti ya Busia ina maeneobunge saba, mawili ya Teso na matano ambayo wengi wake ni Waluhya. Lakini Waluhya wa hapa si kitu kimoja: wako Wasamia, Wamarachi, Wakhayo, Wanyala. Hakuna anayeshinda ugavana peke yake. Gavana wa kwanza, Sospeter Ojaamong, aliyekaa 2013 hadi 2022, ni Mteso, na naibu wake alikuwa Mluhya. Aliyemfuata, Paul Otuoma, anatoka upande wa Funyula, na naibu wake Arthur Odera anatoka Teso. Hakuna sheria iliyoandika kwamba iwe hivyo. Ni hesabu ya kura ndiyo imewafundisha kukaa pamoja.

Sheria nazo zimesaidia kiasi. Sheria ya utangamano ya 2008 inakataza ofisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasio wa kabila kubwa la kaunti. Malalamiko hayajaisha, tusidanganyane. Ukikaa kwenye kibanda cha chai Malaba utasikia nani kapata tenda na nani kaachwa. Ila malalamiko hayo ni juu ya kugawana, si juu ya kufukuzana. Tofauti ni kubwa.

Tujifunze nini? Kwamba kuwaweka watu tofauti ndani ya nyumba moja na kuwalazimisha kuhitajiana kunaweza kufanya kazi ambayo kuta haziwezi.

Na hiyo orodha

Sasa turudi mezani pale kwa mwenzetu. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema raia wa kuzaliwa ni mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake mmoja au babu au bibi yake ni wa jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa nyuma ya Katiba. Zilikuwa 56, na 2005 zikaongezwa 9, zikawa 65. Ndiyo siku tuliyokuambia uishike: siku ambayo mkoloni alimaliza kuchora ramani ndiyo imekuwa siku ya kuhesabu nani wa hapa.

Tusiwe wepesi wa kulaani. Kwa watu wa mpakani orodha hii ni ngao. Wasamia wamo, Bagwe wamo, Wateso wamo, Jopadhola wamo, hata Wabukusu wamo. Mtu wa Busia akiambiwa "wewe ni Mkenya, rudi kwenu", anaweza kufungua Katiba akaonyesha jina lake. Wanubi, waliobaguliwa kwa miaka mingi kama askari wa wageni, wamo. Jamii ndogo kama Waik wamo. Hilo si dogo.

Lakini ngao ya mmoja ni ukuta wa mwingine. Wamaragoli, ambao asili yao ni magharibi mwa Kenya na ambao wameishi kule Kiryandongo vizazi kadhaa, wamekuwa wakiomba kuingizwa, maana bila jina hapo kitambulisho ni taabu. Na sisi wakimbizi tuna kifungu chetu maalumu. Katiba inaruhusu watu fulani waliozaliwa Uganda na kuishi hapa tangu Oktoba 1962 waandikishwe kuwa raia, lakini inamtoa yule ambaye mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi. Babu! Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema mkimbizi hawezi kuandikishwa kwa njia hiyo, ila anaweza kuomba uraia wa tajinisi. Njia ipo kwenye karatasi, na sheria inadai umeishi miaka 20. Kwa kijana aliyezaliwa hapa, ni kama kuambiwa aanze kufika nyumbani kwake mwenyewe.

Na Mkakwa wetu? Wakakwa wamo kwenye orodha, ndiyo. Ila orodha inahesabu jamii iliyokuwa upande huu wa mstari siku ile. Babu yake siku ile alikuwa Yei. Jina moja, lugha moja, pengine hata ukoo mmoja, na mstari umepita katikati.

Hapa ndipo tunapotaka kusema letu. Tunaposoma historia ya Busia na Tororo hatuoni kwamba wingi wa makabila ndio ulioleta shida. Wateso na Jopadhola waliuziana ng'ombe na kuoana kabla ya Kakungulu kufika. Shida ilianza pale serikali ilipoamua kwamba kila kitu kinachotoka kwake, yaani cheo, ardhi, kazi, wilaya, uraia, lazima kipitie mlango wa kabila. Mkoloni alijenga mlango huo ili atawale kwa bei rahisi. Serikali za uhuru ziliukuta, zikabadilisha mlinzi, mlango zikauacha. Ukiwa na mlango mmoja wa kupitia, hata watu wema watasukumana.

Orodha hufunguliwa

Historia hii hii inatuambia milango huweza kufunguliwa. Uganda yenyewe iliongeza majina tisa mwaka 2005. Kenya ilikuwa na Wamakonde waliotoka Msumbiji miaka mingi, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Pwani bila kitambulisho. Mwaka 2016 walitembea kwenda Nairobi kudai haki yao, wakatambuliwa kama kabila la 43. Walitambuliwa kwa mlango ule ule wa kabila, ndiyo, lakini walionyesha kwamba tarehe si Mungu.

Na tukumbuke jambo jingine, hasa majirani zetu wa mpakani wanaposoma hapa. Ukimbizi haukuja Tororo na sisi. Miaka ya Amin, watu wa Uganda walivuka Busia na Malaba wakakaa Kenya. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, maelfu walivuka upande huu, wakapokelewa Mulanda, hapa hapa wilayani Tororo, kabla ya wengi kupelekwa Kiryandongo. Waliowapa maji hawakuuliza 1926. Kila familia ya mpakani ina mtu aliyewahi kulala kwa watu.

Ndiyo maana hata lugha tunayoandikia hapa ina kazi. Kiganda kililetwa mashariki na mawakala, Kiingereza na mabwana wao. Kiswahili nacho kilitumiwa na askari vibaya, wazee wengi wa Uganda wanakikumbuka kwa bunduki, na hatuwalaumu. Lakini sokoni Busia hakina mwenye nyumba. Msamia hawezi kusema ni changu, Mteso hawezi, Mbembe hawezi. Uganda ilikiweka kwenye Katiba 2005 kama lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni. Tungependa uraia nao uanze kufanana na Kiswahili hiki cha sokoni: unapimwa kwa unavyoishi na watu.

Mwenzetu hajakata tamaa. Ameanza kukusanya karatasi zake: cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule, barua ya mwenyekiti wa LC1. Mwenyekiti yule ni Mteso, mke wake Mjopadhola. Alipoandika barua, kwenye sehemu ya kusema anamfahamu vipi, aliandika: "Huyu ni mtoto wa kijiji hiki." Hakuandika kabila.

Barua hiyo haina nguvu mahakamani, tunajua. Lakini sisi tumeisoma mara nyingi kuliko Katiba.

Wewe uliyekulia mpakani, au uliyewahi kuulizwa kabila ukakosa la kujibu, tusimulie. Waulize wazee wa nyumbani kwenu 1926 walikuwa wapi, na nani aliwapokea. Wiki ijayo ni zamu ya wenzetu wa Kakuma.